Injini Ngeni Ndani ya Gari la Zamani: Anzia Kwenye Mabomba ya Moshi

Tangazo la heda, yaani mabomba ya kutolea moshi yanayofungwa kwenye injini, husema kwamba zinaingia kwenye gari la aina fulani la mwaka fulani. Kwa kawaida ni kweli, lakini ukweli huo una masharti ambayo hayaandikwi kwenye boksi. Zinaingia ikiwa injini ni ileile iliyotoka kiwandani, silinda hedi (vifuniko vya juu ya silinda vyenye vali) hazijabadilishwa, mauntingi (raba zinazobeba injini) hazijalala kwa uzee, usukani uko upande uleule aliopimia mtengenezaji, na stata ina umbo lilelile. Ukibadilisha jambo moja kati ya hayo, inabidi upime upya mwenyewe. Na mtu anayeweka injini ngeni kwenye gari la miaka ya 1960 au 1970 huwa amebadilisha karibu yote kwa mpigo.

Hapo ndipo kazi hii inapowashinda hata mafundi hodari. Kufunga bolti si shida. Shida ni kwamba kila kipimo kinakitegemea kingine. Ukiisogeza injini mbele ili distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) isiguse ukuta wa nyuma, feni inaikaribia rejeta. Ukiinyanyua ili sampu (bakuli la oili chini ya injini) ipite juu ya krosimemba (boriti ya chuma inayokatiza chini ya injini), kabureta inagonga boneti. Ukiisukuma kando ili bomba lipite karibu na usukani, bomba la upande wa pili linakutana na chesisi. Nitalifumbua fundo hili kwa kuanzia mahali ambapo wengi humalizia, yaani kwenye mabomba ya moshi, kwa sababu naamini kabisa kwamba heda ndizo zinazopaswa kuamua injini ikae wapi. Vishikio vya mauntingi vinaweza kukatwa na kuchomelewa upya sentimita mbili mbele au nyuma. Mabomba manane yenye kipenyo cha milimita 41 kila moja, yanayotakiwa kupita katikati ya usukani, springi na chesisi, hayana uhuru huo.

Kazi ya heda

Magari mengi ya zamani yalitoka kiwandani na manifodi za chuma cha kusubu: fupi, nzito, imara, na zenye njia za moshi zinazokutana haraka. Heda ni mabomba, moja kwa kila silinda, yanayosafiri peke yake kwa umbali fulani kabla ya kuungana kwenye kikusanyio. Watu husema heda "zinafungua pumzi" ya injini. Hiyo ni nusu ya maelezo. Nusu ya pili inahusu mawimbi.

Vali ya kutolea moshi hufunguka kabla pistoni haijafika chini kabisa, wakati mgandamizo ndani ya silinda bado ni mkubwa. Kwa hiyo moshi hautoki kwa utaratibu. Hutoka kwa kishindo, na kishindo hicho hukimbia ndani ya bomba kama wimbi. Wimbi likifika mahali bomba linapopanuka ghafla, kwenye kikusanyio, sehemu yake hurudi nyuma ikiwa imegeuka: lililokwenda kama msukumo linarejea kama mvuto. Mvuto huo ukiwahi kufika kwenye silinda wakati vali ya kutolea haijafunga na ya kuingizia imeshaanza kufunguka, huvuta nje mabaki ya moshi na kuialika hewa mpya ndani.

Kuwahi ndiko kunakoleta mjadala wa urefu. Ndani ya moshi wenye joto kali, wimbi husafiri takribani mita 550 kwa sekunde. Bomba la sentimita 90 linalitaka wimbi liende na kurudi mita 1.8, yaani zaidi kidogo ya milisekunde 3. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, muda huo ni sawa na nyuzi 49 hivi za mzunguko wa krenkishafti, mhimili unaozungushwa na pistoni. Ikizunguka mara 5,000, muda uleule ni nyuzi 98. Bomba halibadiliki, lakini injini imekwenda mbali maradufu wimbi likiwa njiani. Hakuna urefu unaofaa kwa kasi zote. Anayesema heda zake zinaongeza nguvu kuanzia chini hadi juu anasahau hesabu hii.

Kipenyo nacho kina mtego wake. Bomba nene hupunguza mwendo wa moshi, na moshi unaokwenda polepole hauburuti kitu nyuma yake. Kwa V8 (injini ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) ya lita 5 hivi inayotumika barabarani, mabomba ya inchi moja na nusu hadi inchi moja na tano ya nane, yaani milimita 38 hadi 41, yanatosha. Ya milimita 44 yana maana kwa injini kubwa zaidi au inayoishi kwenye mizunguko ya juu. Nalisisitiza hili kwa sababu linagusa nafasi moja kwa moja: bomba jembamba huisaidia injini ya kawaida kuvuta vizuri kutoka chini, na papo hapo linakuachia milimita chache kila upande wa mhimili wa usukani. Mara nyingi mtu aliyeteseka kuingiza mabomba manene alikuwa anajitesa ili apate injini inayovuta vibaya zaidi mjini.

V8 ina tatizo lake la ziada. Chukua mpangilio wa kuwaka, yaani zamu za silinda kupata cheche, wa injini za Ford 289 na 302 (namba ni ukubwa wake kwa inchi za ujazo) za miaka hiyo: 1-5-4-2-6-3-7-8. Silinda 1 hadi 4 ziko kulia, 5 hadi 8 kushoto. Soma mpangilio huo taratibu utaona 4 na 2 zinafuatana, zote za kulia, na 7 na 8 zinafuatana, zote za kushoto, kila jozi ikiachana kwa nyuzi 90 tu. Maana yake, katika kila upande silinda mbili hutoa moshi karibu pamoja na kugombania njia. Ndiyo sababu ya heda za muundo wa nne-mbili-moja: mabomba manne huungana kwanza mawili mawili, kisha mawili hayo huwa moja, na jozi huchaguliwa ili zinazogombana zisiwekwe pamoja. Shelby GT350 ya 1965, Mustang iliyoongezwa nguvu, ilitumia muundo huu kwenye injini ya 289, na hadi leo ndio ningeushauri kwa mtu anayetaka gari la kuendesha. Hunyanyua nguvu ya katikati, ambako dereva wa barabarani anaishi, na mabomba yake hujikusanya mapema, kwa hiyo hayachukui nafasi kubwa kule chini.

Injini ndogo ya A-series, iliyotumika kwenye gari dogo la Mini na ndugu zake, inaonyesha kwamba kushirikiana njia si kosa kila mara. Ina milango mitatu tu ya kutolea moshi, kwa maana silinda ya 2 na ya 3 zinatumia mlango mmoja wa katikati. Lakini mpangilio wake ni 1-3-4-2, kwa hiyo hizo mbili hupishana kwa mzunguko mzima wa nyuzi 360. Hazikutani kamwe mlangoni.

Upana usioonekana kwenye kipimo

Makosa mengi ya ununuzi huanza na imani kwamba injini za familia moja zina umbo moja. Mfano mzuri ni Ford Mustang ya kwanza, iliyozinduliwa Aprili 1964. Pande zote mbili za injini kuna minara ya chuma inayobeba springi za mbele, na minara hiyo imebana sana. 289 inaingia, 302 iliyokuja 1968 inaingia vilevile. Kisha mtu anaona 351 Windsor, injini ya ukoo uleule iliyotoka 1969, na kufikiri ni 302 iliyonenepa kidogo.

Tofauti iko kwenye kimo cha bloku. Kutoka katikati ya krenkishafti hadi uso ambao silinda hedi inakalia, 302 ina inchi 8.2, na 351 Windsor ina takribani 9.5. Hiyo ni inchi 1.3. Kwa kuwa V8 hiyo ina pembe ya nyuzi 90, kila upande umelala kwa nyuzi 45, na urefu ulioongezeka hugawanyika sawasawa kwenda juu na kwenda nje. Ukipiga hesabu, kila silinda hedi imepanda milimita 23 hivi na kutoka nje milimita 23 hizohizo. Mlango wa moshi umeusogelea mnara kwa kiasi hicho. Heda za 302 zinaweza kufungwa kwa bolti kwenye hedi za 351 bila tatizo lolote mezani. Ndani ya gari, kila mkunjo wake uko mahali pasipo pake. Ndiyo maana heda za 351 ndani ya Mustang za awali huuzwa kama bidhaa tofauti kabisa. Hata Ford wenyewe waliipanua sehemu ya injini kwenye Mustang ya 1967 ili injini kubwa ya 390 ipate kuingia.

MGB, gari dogo la michezo la Uingereza, ni somo la namna nyingine. MGB GT V8 iliuzwa na kiwanda kati ya 1973 na 1976 ikiwa na V8 ya Rover ya lita 3.5, injini ya aluminiamu iliyotokana na Buick. Kwa uzito ilifaa sana, kwani aluminiamu iliiweka karibu na ile ya silinda nne ya chuma iliyoondolewa. Kilichobaki kuwa kigumu ni moshi: upande mmoja kuna mhimili wa usukani, chini kuna reli za chesisi, na hakuna njia rahisi ya kushuka. MG RV8 ya 1993 ilitatua jambo hilo kwa kupitisha heda nje, kupitia matundu yaliyokatwa kwenye kuta zinazotenganisha injini na matairi ya mbele, na wanaojenga MGB za V8 leo huiga njia hiyohiyo. Ni suluhisho linalonipendeza, maana lilikubali kwamba mabomba yana haki ya kudai nafasi yao badala ya kupondwapondwa hadi yaenee.

Upande wa usukani usisahauliwe. Heda zilizobuniwa kwa gari lenye usukani kushoto zina mkunjo maalumu upande huo. Ukizifunga kwenye gari lenye usukani kulia, nafasi iliyoachwa iko upande usioihitaji, na bomba linakwenda moja kwa moja kwenye boksi la usukani.

Kuna mitego mingine isiyohusu moshi ambayo ni heri kuimaliza kabla injini haijaning'inizwa kwenye winchi. Ford 260 na 289 za mwanzo zina bolti tano za kushikia giaboksi. Kuanzia modeli za 1965 ni sita, na haziingiliani. 302 za zamani husawazishwa kwa uzito wa nje wa aunsi-inchi 28, za miaka ya 1980 na kuendelea ni 50. Ukichanganya flaiwili (gurudumu zito lililo mwisho wa krenkishafti) ya moja na injini ya nyingine, gari litatetemeka hadi beringi zichakae. Sampu ya Mustang ina tumbo mbele, kwa sababu krosimemba iko nyuma yake. Injini iliyotoka kwenye gari lingine inaweza kuja na tumbo nyuma, na haitakaa.

Jaribu kwanza na bloku tupu

Kabla ya kuchomelea chochote, gari lisimame kwa matairi yake, kwenye kimo chake cha kawaida. Ukiliacha juu ya stendi, sasipensheni inaning'inia, na mikono ya usukani haiko mahali itakapokuwa barabarani. Utapima nafasi ambayo itatoweka jeki ikishuka.

Tumia bloku tupu isiyo na pistoni wala krenkishafti, silinda hedi zilizoshikwa kwa bolti chache, na ganda la giaboksi. Vitu hivi vinanyanyulika na kusogezwa bila kuhatarisha mgongo wala injini ya thamani. Funga heda hapohapo, siku hiyohiyo, kabla hujaamua mahali pa mauntingi. Kisha ingiza vile vinavyopigania nafasi na heda: stata, filta ya oili, kijiti cha kupimia oili, plagi pamoja na kofia zake, mhimili wa usukani na mkono wa klachi. Plagi husahaulika kuliko vyote. Bomba linaweza kuachana na plagi kwa milimita nyingi na bado spana isipate njia ya kuingia.

Baada ya hapo zungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, taratibu, huku mtu mwingine akitazama kutoka chini. Rudia sasipensheni ikiwa imebanwa juu.

Halafu kumbuka injini haitulii. Imekaa juu ya raba, na dereva akikanyaga mafuta inajipindua kinyume na mzunguko wa krenkishafti. Kwenye V8 nyingi zilizolala kwa urefu wa gari, upande wa kushoto hunyanyuka na wa kulia hushuka. Kwa gari lenye usukani kushoto, hiyo ina maana kwamba mabomba yaliyo jirani na mhimili wa usukani ndiyo yanayopanda. Nafasi ya milimita 5 iliyoonekana salama injini ikiwa imezimwa hugeuka kuwa mgusano, na mgusano na usukani si jambo la kelele tu, ni hatari ya maisha. Mimi huacha milimita 12 kwa kitu chochote cha chuma kisichosogea, na zaidi ya hapo kwenye usukani. Kwa mpira, waya au bomba la mafuta naanza na milimita 25 na bado naweka kinga ya joto.

Hapa huja kishawishi cha kuinamisha injini ili heda zipate njia: kuinua pua, kushusha mkia wa giaboksi. Usifanye bila kupima pembe. Injini nyingi hukaa zikiwa zimeinama kuelekea nyuma kwa nyuzi 3 hivi, na uso wa manifodi ya kuingizia hewa umekatwa kwa mteremko unaolingana ili kabureta ikae sawa. Muhimu zaidi ni propela shafti. Kiungo cha msalaba kinachofanya kazi kwa pembe huifanya shafti izunguke kwa mwendo unaopanda na kushuka mara mbili kwa kila mzunguko. Kiungo cha pili huko nyuma hufuta mtikisiko huo, ila tu ikiwa mhimili wa giaboksi na ule wa pua ya difu uko sambamba. Ukishusha giaboksi nyuzi 2 kwa ajili ya bomba la moshi, difu nayo inapaswa kurekebishwa. Vinginevyo utakuwa na heda nzuri na mtetemo wa kudumu kwenye mwendo wa barabara kuu.

Je, bomba linalogusa kidogo lipigwe nyundo? Bonde la kina kifupi, lililofanywa kwa makini bomba likiwa na moto, halipunguzi nguvu kwa kiasi utakachokihisi. Watengenezaji wengine hutoa heda zikiwa na mabonde hayo tayari. Lakini kama linahitajika bonde la zaidi ya robo ya kipenyo, injini imekaa mahali pasipofaa, na nyundo inaficha jambo hilo tu.

Kwa magari mengine heda haziingii injini ikiwa imeshakaa. Inabidi zilazwe ndani ya nafasi yake kwanza, zifungwe kwa kamba, kisha injini iteremshwe katikati yake. Mengine hutaka zipandishwe kutoka chini huku injini imenyanyuliwa upande mmoja. Lijue hili wakati wa majaribio, na ujiulize swali la miaka mitano ijayo: gasketi ikivuja, itabadilishwa vipi? Ikiwa jibu ni kung'oa injini nzima, manifodi nzuri ya chuma cha kusubu au heda fupi ni chaguo la heshima kabisa.

Joto

Moshi wa injini inayofanya kazi kwa bidii hupita nyuzi 700 za Selsiasi mlangoni. Bomba la sentimita 70 likipanda joto kwa nyuzi 500 hurefuka milimita 4 hivi kama ni la chuma cha kawaida, na karibu milimita 6 kama ni la chuma kisichoshika kutu. Kwa hiyo nafasi unayoipima asubuhi si nafasi ya mchana, na ekzosi iliyofungwa kwa ukakamavu kutoka heda hadi mkia itapasua maungio. Sehemu fulani lazima iweze kucheza: kiungo cha chuma kinachonyumbulika, au vishikio vya raba.

Stata ndiyo mwathirika wa kwanza. Gari linawaka vizuri likiwa baridi, unasimama kujaza mafuta, unarudi, stata inaguna tu. Joto la heda limeongeza ukinzani kwenye nyaya zake. Stata ndogo yenye gia za ndani husaidia mara mbili, kwa kuwa inakaa mbali zaidi na bomba na ina nguvu ya kutosha hata ikipata moto.

Kuhusu kufunga mabomba kwa utepe wa joto, nina msimamo. Kwenye chuma cha kawaida utepe hushika unyevu na kulifanya bomba lenyewe kuwa la moto zaidi, na hatimaye chuma hula kutu na kupasuka pasipoonekana. Rangi ya kauri, ndani na nje, hugharimu zaidi lakini hupunguza joto bila kuficha hali ya bomba.

Usipake rangi hiyo ukaenda kuwasha injini mpya moja kwa moja, hasa kama kamshafti (mhimili unaofungua vali) ni ya zamani isiyo na rola. Kamshafti hiyo hutaka dakika 20 za kwanza kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 bila kupumzika, huku kabureta na majira ya cheche bado havijatulia. Heda zitawiva nyekundu na rangi itaungua. Maliza hatua hiyo injini ikiwa nje ya gari, kwenye stendi, kwa manifodi kuukuu.

Heda zikishafungwa kabisa, injini ipate moto, ipoe usiku kucha, kisha bolti zikazwe tena kuanzia katikati kwenda pembeni. Gasketi mpya hujibana, na bolti zilizokuwa ngumu zitazunguka robo. Ukisikia mlio wa tik-tik injini ikiwa baridi unaotoweka ikipata moto, uvujaji uko kwenye flanji. Baada ya kilomita mia chache lala chini ya gari na taa, utafute mahali ambapo bomba limeng'aa au rangi ya chesisi imekwanguka. Alama hiyo inaonyesha wapi injini inafika ikijipindua. Tazama mauntingi ya upande huo kabla ya kuligusa bomba, kwa sababu raba iliyokatika ndiyo sababu ya mara kwa mara, na bomba ulilolirekebisha juu ya mauntingi mbovu halitaenea tena mauntingi ikibadilishwa.